Niliyemfelisha kwa Kutaja Gesi

Nguuuu... ta! Kimya. Baada ya dakika chache tena: nguuuu... ta!

Hiyo sauti bado ninayo kichwani. Naweza kuwaigizia hapahapa nilipokaa, barazani kwangu Mbagala, na mjukuu wangu huwa anacheka mpaka anakaa chini. Ilikuwa sauti ya friji ya soda, ile ya mlango wa kioo, iliyosimama kwenye kona ya karakana yetu kule Temeke. Kompresa, yaani ile mota ya chini inayonguruma, ilikuwa inajaribu kufanya kazi, inapata joto kupita kiasi, inajikata. Inapumzika, inaanza tena. Wenzangu wa ofisini waliichoka. Mie niliipenda, maana kila iliposema "ta!" kuna mtu kwenye benchi alishtuka na kufuta viganja kwenye suruali. Ilikuwa friji yetu ya usaili.

Kuna binti wa jirani yangu kaajiriwa juzi kwenye kampuni ya mitambo, kapewa kazi ya kuchagua mafundi. Akaja mbio kuniuliza, "Mama Editha, nitamjuaje fundi wa kweli na mie hata bisibisi sijui kushika?" Nikamjibu kwa mdomo, chai ikapoa, na bado nikaona sijamaliza. Nikasema bora niandike, na nyie wengine mnaoanza kazi hii msome. Msitegemee mambo makubwa. Mie mwenyewe niliishia kidato cha nne, tena kwa matokeo yale ya kuficha chini ya godoro. Nilipokuwa mdogo nilitaka kuwa rubani. Nikaishia kuajiri watu wa kutengeneza viyoyozi na vyumba vya baridi. Nikajifariji kwamba yote ni mambo ya hewa, na hadi leo ndege ikipita juu ya Mbagala nainua kichwa kama mtoto.

Niliingia kampuni ile kama mpokea simu. Kazi ya kuchuja watu niliipata kwa bahati. Siku moja alikuja kijana kufanya usaili, nikamtazama, nikamwambia, "Kaka, wiki iliyopita ulikuja hapa ukaitwa Joseph. Leo umekuwa Emanueli?"

Hakutikisika. "Joseph ni pacha wangu, dada."

"Na hilo shati?"

"Tunaazimana."

Bosi wetu, Bwana Shayo, alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake akaniita, akaniambia kuanzia siku hiyo mafundi wote wanaoomba kazi wapitie kwangu. Nikamwambia bosi mie sijui ufundi. Akasema ufundi atanifundisha Mzee Nangonga, yeye anachotaka ni mtu asiyedanganyika na shati.

Nianze na wasifu, hizo CV. Zamani tulizipokea kwenye bahasha za kaki, siku hizi mnatumiwa kwenye simu, lakini ugonjwa ni uleule. Zinaandikwa na steshenari. Kijana anakwenda kwa yule dada mwenye kompyuta, anamwambia niandikie CV ya fundi friji, dada anachukua ya mteja wa jana anabadilisha jina. Kwa hiyo nilikuwa napata mafundi kumi, wote wanapenda kusoma vitabu na kusafiri, wote wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Mmoja alikuja na ndevu zake mpaka kifuani, karatasi yake inasema, "Mimi ni binti mchapakazi na mcha Mungu." Nikamuuliza, "Hii umeisoma?" Akasema, "Nilisoma ukurasa wa pili." Yule nilimwajiri, kwa taarifa yenu. Ukurasa wa pili ulikuwa wa kweli.

Basi msimtupe mtu kwa sababu ya karatasi yake, wala msimchukue kwa sababu hiyo. Tulijivunia kampuni yetu kwa jambo hilo. Makampuni mengi yalitaka cheti cha chuo kwanza, sie tulisema njoo tuone mikono.

Mzee Nangonga alikuwa fundi mkuu. Mtu wa Newala, mwembamba, anapiga mluzi muda wote, na hana subira na mtu yeyote isipokuwa mashine. Ndiye aliyenifundisha kuangalia. "Editha, usisikilize anasema nini. Angalia kama kachomoa plagi ukutani kabla hajatia mkono." Aliniambia nimpe mtu bisibisi isiyoingia kwenye skrubu, halafu ninyamaze. Mwingine ataiminya mpaka aiharibu skrubu, mwingine ataniambia mama hii sio, nipe nyingine. Chukua huyo wa pili. Aliniambia nimuulize kila mmoja, "Kifaa gani cha watu umewahi kuharibu?" Anayesema hajawahi, ama hajafanya kazi ama ni mwongo. Na akasema nimwangalie zaidi wakati wa kufunga kuliko wakati wa kufungua. Kuna mmoja alifunga friji, zikabaki skrubu mbili kiganjani. Nikamuuliza za wapi. "Hizi za akiba, mama. Kiwandani huwa wanazidisha." Mzee Nangonga alikwenda kucheka nje.

Sasa niwaambie ugonjwa mkubwa wa mafundi wetu. Friji ikigoma, fundi wa mtaani hata hajaigusa anasema, "Gesi imeisha." Mlango haufungi vizuri: gesi imeisha. Panya kakata waya: gesi imeisha. Kumbe friji haili gesi kama jiko, gesi huzunguka tu humo ndani, na ikipungua ujue imevuja mahali. Mzee Nangonga lilimkera hilo mno, ndiyo akatega ile friji ya kwenye kona. Alichomoa waya wa feni ya chini. Feni isipozunguka kompresa inapata joto, inajikata: nguuu, ta! Fundi anayeangalia ataona feni imesimama, atatafuta waya, ataurudisha. Fundi wa mdomo atasema gesi. Mzee akaniandikia kwenye karatasi: Waya wa feni. Akitaja gesi, kata. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati langu.

Mzee akastaafu, akarudi Newala. Karatasi ikabaki, mie nikaendelea. Miaka ikapita. Friji ileile, waya uleule. Fundi akiurudisha na feni ikizunguka, namwekea alama ya vema, anaondoka, namwambia mhudumu auchomoe tena kwa ajili ya mwingine. Nilijiona mtaalamu kweli. Kuna wakati ile "ta!" ikakoma, friji ikawa inanguruma tu mfululizo. Nikashukuru kwamba masikio yamepumzika.

Ndiyo akaja Zuhura.

Tulikuwa tunatafuta fundi mmoja wa kwenda kuhudumia vyumba vya baridi vya hoteli moja ya ufukweni Kunduchi. Alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na mwanamke peke yake. Ushungi wa bluu umefungwa kwa nyuma, begi la turubai la vifaa begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Cheti cha chuo?"

"Sina. Nina hii." Akanipa barua ya fundi aliyemfundisha kwao Kimbiji, imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Alikuwa anatengeneza mafriza ya wauza samaki kule.

"Umetoka Kimbiji leo?"

"Alfajiri. Mama, nisikufiche. Nimeomba kila mahali, wote wanataka cheti. Nyie tu ndio mnaangalia mikono. Baba kanipa nafasi hii ya mwisho. Nikishindwa hapa nauza vifaa, nakaa na mama kwenye karai la samaki."

Kijana mmoja kwenye benchi akadakia, "Samaki wa Kimbiji watamu, sista! Feli tu, sie tutakuja kula!"

Zuhura hakugeuka hata shingo. "Njoo. Utaosha masufuria."

Benchi likaangua kicheko. Mie moyoni nilishaanza kumpenda, na ndiyo maana nikakaza uso. Huwa nafanya hivyo nikiogopa kumpendelea mtu.

Alichomoa plagi. Akafungua kifuniko cha chini, akatazama, wala hakuchukua muda. "Waya wa feni umechomolewa. Haujakatika, kuna mtu kauchomoa." Akaurudisha, akawasha, feni ikazunguka. Kalamu yangu ilishaanza kuweka vema. Lakini yeye akabaki amechuchumaa, anagusa mabomba kwa mgongo wa kiganja.

"Umemaliza?"

"Bado, mama. Hii haitapoza. Gesi imeisha."

Benchi lote lilisema "Aaah!" kama watu waliokosa penalti. Mmoja akashika kichwa.

"Unasemaje?"

"Gesi imeisha. Imevuja. Hili bomba la nyuma lilitakiwa liwe na joto, shika uone, limepoa. Na hapa kwenye kiungo kuna mafuta yamegandamana na vumbi. Gesi ikitoka inatoka na mafuta yake. Halafu sikiliza, inanguruma tu, haichoki wala haipozi. Haina mzigo wa kubeba."

"Karatasi yangu inasema tatizo ni waya."

"Waya nimeurudisha. Weka maji humo mpaka jioni, uone."

Jioni ilikuwa inakaribia tayari. Nilikuwa nimechoka, na orodha ilikuwa imefika mwisho. Sikushika bomba. Nawaambia ukweli wanangu, lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti changu na sikuinuka. Niliandika mbele ya jina lake: Ametaja gesi. Kata.

Akafunga friji. Skrubu nne zilitoka, nne zikarudi, akazikaza kwa kupishana, pembe kwa pembe. Nikaziona kwa macho yangu mawili. Akafuta mafuta sakafuni kwa kitambaa chake mwenyewe, akasema, "Asante mama," akabeba begi lake.

Kazi alipewa Denis. Kijana mtanashati, ana tai, anajibu maswali kabla hujamaliza kuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye waya, kama mtu anayechukua funguo zake mezani. Nilimsifia kwa bosi.

Haukupita muda mrefu meneja wa ile hoteli akapiga simu anafoka. Chumba cha baridi cha samaki hakipoi. Denis yuko pale siku ya tatu, kabadilisha feni mara mbili, samaki wamehamishiwa kwenye maboksi ya barafu. Bwana Shayo akanitazama. "Editha, nenda Kunduchi ukamwone fundi wako."

Nilimkuta Denis amekaa juu ya kreti tupu nje ya chumba cha baridi, tai ameiweka mfukoni. Feni mpya inazunguka vizuri tu. Kwa kukaa na mafundi nilishaokota maneno mawili matatu, nikamuuliza, "Geji umeweka? Umepima presha?"

Akainamisha kichwa. "Madam, niseme ukweli?"

"Sema."

"Hapa ni gesi. Nimejua tangu siku ya kwanza. Imevuja."

"Sasa mbona unabadilisha feni?"

"Si nyie hamtaki mtu ataje gesi?"

"Nani kakwambia?"

"Pale getini kwa Mama Mwanaidi, muuza chai. Ukinunua chapati anakwambia, ni waya wa feni mwanangu, na ole wako utaje gesi, utarudi kwenu. Wote tunajua. Mie nikadhani ndiyo sheria ya kampuni."

Nilicheka. Kweli, nilicheka kwa sauti, meneja wa hoteli akanitolea macho. Halafu kicheko kikaniishia ghafla, nikakaa kwenye kreti nyingine pembeni ya Denis. Niliona ule ushungi wa bluu. Niliona skrubu nne.

Kesho yake asubuhi nilifika karakana mapema. Nikarudisha waya wa feni, nikaiwasha friji, nikaweka ndani chupa ya maji. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo. Miaka yote ile, watu wote wale waliopita, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuweka chupa ndani ya friji ile akaona kama inapoa. Feni ikishazunguka tu, tunafunga, tunaita mwingine. Mchana nikaichungulia chupa. Saa kumi nikaitoa. Ilikuwa ya uvuguvugu, ungeweza kumwogeshea mtoto.

Nikampigia Mzee Nangonga.

"We Editha! Ile friji bado ipo? Mie nilijua mlishaiuza skrepa!"

"Ipo, Mzee. Na karatasi yako ipo."

"Nilitega ile kwa ajili ya wale vijana wa mwaka ule. Sasa hamkuwahi kuipoza hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akapiga mluzi mrefu. "Basi mlikuwa mnaajiri watu wa kuchomeka waya."

Nikaenda kwa bosi na ile chupa mkononi. Nikaiweka mezani kwake, nikamweleza yote. Bwana Shayo ni mtu mwema, lakini ni mtu wa kampuni. Akasema barua za ajira zimeshatoka, Denis yupo, na huyo binti hana cheti. Akasema makosa hutokea, tubadilishe friji, tusonge mbele.

"Bosi, yule binti alisema akishindwa anauza vifaa."

"Editha, tutawatafuta wangapi?"

"Mie namtafuta huyu."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Mie ndiye yule ninayeombaga radhi mtu akinikanyaga. Lakini nilikuwa nimeamua, na nikiamua huwa mgumu kuliko nati yenye kutu. Akanitazama, akatazama chupa. Mwishowe akasema, "Hoteli imenipa siku mbili, zikipita wanatafuta kampuni nyingine. Mlete. Chumba kikipoa, ana kazi. Kisipopoa, barua ya kuwaomba radhi hoteli utaiandika wewe, na ya kuacha kazi utaiambatanisha."

"Na Denis?"

"Denis afukuzwe."

"Denis asifukuzwe. Alisema tulichomfundisha kusema. Kumfukuza ni kumwadhibu yeye kwa kosa langu mie."

Akapunga mkono kama anafukuza inzi. Nikaichukua kama ndiyo.

Namba ya simu aliyoandika Zuhura haikupatikana. Nikakata njia ya Kongowe mpaka Kibada, na kutoka hapo nikapanda bodaboda. Barabara ya Kimbiji ilikuwa mashimo matupu, kijana wa boda akiniambia kila baada ya dakika, "Kaa vizuri mama, hapa tunaruka." Kule sikuuliza sana. Ukisema binti anayetengeneza mafriza, kila mtu anakunyooshea kidole upande mmoja.

Nilimkuta mbele ya nyumba, kwenye moshi, anageuza samaki kwenye karai. Mama yake yuko kwenye kigoda anapaa magamba. Zuhura aliniona, akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili, ndipo akasema.

"Shikamoo mama. Umekuja kunifelisha tena, hukuhuku nyumbani?"

"Marahaba. Nimekuja kukuambia ulikuwa sahihi. Niliweka maji. Hayakupoa."

"Lini?"

"Jana."

"Mie nilikwambia siku ileile."

Mama yake akanisogezea kigoda, akasema, "Kaa dada, huyu ana hasira za baba yake." Nikakaa. Nikamweleza habari za waya, za Mama Mwanaidi na chapati zake, za Denis na feni zake. Kwenye chapati mama mtu alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Zuhura hakucheka.

"Vifaa vyako viko wapi?" nikauliza.

"Geji nimeshauza. Tochi ya kuchomelea mtu anakuja kuichukua Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Nikamwambia kuhusu siku mbili za bosi. Sikumficha na upande wangu, kwamba kisipopoa mie naacha kazi.

"Kwa hiyo nikikosea unafukuzwa wewe?"

"Ndiyo."

"Hukunijua siku ile, unanijua leo?"

"Siku ile niliona ulivyorudisha skrubu. Niliona nikanyamaza. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

Halafu akampa mama yake kijiko kirefu cha karai. "Geji mnazo huko?"

"Tunazo."

"Na mtungi wa naitrojeni? Kama gesi yote imetoka, povu la sabuni halionyeshi kitu mpaka uweke presha."

"Upo."

"Basi nibadilishe nguo. Nanuka samaki."

"Chumba chenyewe cha samaki," mama yake akasema. "Nenda hivyohivyo."

Hapo ndipo akacheka.

Kunduchi alifanya kazi siku nzima ya Alhamisi. Denis alimshikia tochi ya kumulika, na nitamsifu hapa kwa kuwa hakuona aibu, alikuwa akiuliza kila kitu, hii kwa nini, ile kwa nini. Zuhura aliweka presha, akakoroga sabuni kwenye kikombe, akapaka viungo kwa brashi kimoja baada ya kingine. Tobo lilikuwa nyuma kabisa, juu, mahali ambapo mtu mvivu asingepanda. Povu likafura kama shavu la mtoto. Denis akapiga kelele, "Lile pale!" Zuhura akamwambia, "Sasa usiliambie geti zima." Akachomelea, akapima tena, akavuta hewa yote nje, akajaza gesi, akasubiri. Hicho ndicho nilichokitazama kuliko vyote: alisubiri. Alivuta kreti, akakaa mbele ya kipimajoto, na hakuna aliyeruhusiwa kusema kimepona mpaka namba zishuke. Meneja alikuja mara tatu, mara tatu akaambiwa bado. Jua likawa linazama samaki waliporudishwa ndani, na mie nikaingia nao, nikasimama katikati ya ule ubaridi nikitetemeka na kutabasamu kama mwehu.

Zuhura alipewa barua yake Ijumaa asubuhi. Kuhusu tochi yake, mnunuzi alikuja Kimbiji akakuta mwenye mali yuko kazini Temeke. Denis alibaki chini yake kama msaidizi, na baadaye akawa fundi mzuri, hata tai aliacha.

Nyie mnaoanza, njia ya usaili mtakayoitunga leo itakuwa nzuri mwaka huu. Mwakani watakuwa wameshaijua, na mtakaowapata ni wale wanaojua majibu yenu. Badilisheni kosa mara kwa mara. Msimamizi wa jaribio akae karibu na mashine, aiguse. Na mtu akiwaambia karatasi yenu ina makosa, inukeni kwenye kiti kabla hamjashika kalamu.

Lakini kuna jambo moja Zuhura alilisema siku ile ya Ijumaa, alipokuwa akiifungua ile friji ya kwenye kona ili aitengeneze. Alikwangua yale mafuta kwa ukucha, akasema bila hata kunitazama, "Mama, hii haijavuja mwezi huu. Hili vumbi ni la miaka."

Akaendelea na kazi yake. Mie nikaenda kukaa.

Jumamosi ofisi hufungwa mchana. Nilisubiri wote waondoke, Mama Mwanaidi akakunja meza yake pale getini, mlinzi akaingia kibandani. Nikashusha boksi la mafaili ya waliokatwa kutoka juu ya kabati, nikapangusa vumbi kwa khanga. Nikayapitia moja moja. Pembeni nikaweka yale yenye mwandiko wangu: Ametaja gesi. Wengine walikuwa wa mdomo tu, hilo nalijua. Wengine huenda walishika bomba kwa mgongo wa kiganja nikiwa natazama saa. Sikuwa na njia ya kuwatenganisha, kwa hiyo sikuwatenganisha. Nilichukua karatasi safi, nikaandika sentensi ya kuanzia nisije nikababaika: "Habari za siku nyingi, ni Editha wa kule Temeke, ulikuja kwangu kwenye usaili, na nadhani ulikuwa sahihi." Nikaiweka mbele yangu, nikafungua faili la juu, nikabonyeza namba ya kwanza, nikasikiliza ikiita.